Kutoka Remulak Hadi Kamenu: Mgeni wa Angani Angepanga Wapi?

Mwaka 1993 studio ya Paramount ilitoa filamu ya kuchekesha iitwayo Coneheads, iliyoongozwa na Steve Barron. Chimbuko lake ni michezo mifupi iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1977 katika kipindi cha runinga cha Saturday Night Live. Dan Aykroyd na Jane Curtin ni Beldar na Prymaat, mume na mke kutoka sayari ya Remulak. Vichwa vyao vimechongoka kwenda juu, sauti zao ni kavu, na chakula wanakibugia kwa kiasi cha kutisha. Walitumwa kuja kuiteka dunia. Chombo chao kikatunguliwa, msaada kutoka nyumbani ukachelewa miaka mingi, Prymaat akashika mimba, na ule mpango mkubwa wa kivita ukageuka shida ambayo kila mpangaji wa Thika anaijua: pa kulala, kazi ya mkono, karatasi za kuonyesha. Beldar anatengeneza vyombo vya umeme, anaendesha teksi, hatimaye ananunua nyumba Paramus, katika jimbo la New Jersey, na kufundisha watu udereva. Majirani wakishangazwa na kichwa chake, jibu ni lile lile: tumetoka Ufaransa. Maswali yanaishia hapo.

Kila nikiitazama filamu hii, jibu hilo la Ufaransa hunifanya niwaze lingedumu kwa muda gani Kamenu. Naamini lisingemaliza wiki. Si kwamba watu wa Kamenu ni wakali kuliko wa Paramus. Mara nyingi ni wakarimu zaidi. Ni kwamba mtaa wetu una njia yake ya kumfahamu mtu, na njia hiyo haipiti kwenye kichwa wala kwenye pasipoti. Hapo ndipo panapozuka swali linalostahili kuchambuliwa kwa utulivu. Wamarekani wameisimulia hadithi ya mgeni wa angani anayehamia mtaani kizazi baada ya kizazi. Sisi tuna kila kiungo cha hadithi hiyo, lakini vichekesho vyetu vinavyopendwa zaidi havikuifuata njia hiyo. Kwa nini? Na kama mtu angeifuata, tungemcheka nani?

Kwanza tuone wenzetu walivyoijenga. Mnamo 1978 Robin Williams alipata umaarufu akiwa Mork, mgeni aliyetua Boulder, Colorado. Mwaka 1986 akaja ALF, kiumbe mwenye manyoya aliyejificha katika nyumba ya familia moja ya California. Kuanzia 1996 hadi 2001, John Lithgow na wenzake walijifanya familia ya kawaida katika 3rd Rock from the Sun. Mwaka 2012 runinga ya ABC ilianza kuonyesha The Neighbors, ambamo familia ya binadamu inahamia mtaa wenye lango huko New Jersey na kugundua kwamba majirani wote ni watu wa sayari nyingine, waliojipachika majina ya wanamichezo mashuhuri. Kazi hizi hazilingani kwa ubora. Coneheads yenyewe haikupokewa vizuri na wahakiki ilipotoka, na kweli kuna vipande vinavyolegea. Lakini zote zimesimama juu ya msingi mmoja: mgeni anafuata sheria za mtaa kwa bidii kuliko wenyeji, na bidii hiyo inafichua kwamba sheria zenyewe ni za ajabu. Beldar anajifunza gofu, mchezo wa waume wa Paramus siku za mapumziko. Mwishoni, akiwa amerudishwa Remulak na kuhukumiwa kupambana na dubwana liitwalo garthok, anatafuta kitu cha kushika mfano wa kijiti, anaweka miguu kama alivyozoea uwanjani, na kulimaliza dubwana kwa pigo la gofu. Kichekesho hapo hakimlengi Beldar. Kinailenga Paramus, ambayo bila kujua ilimfundisha silaha.

Mtaa wa aina hiyo una masharti yake. Kila nyumba iko peke yake, imezungukwa na nyasi, ina karakana ya gari na mlango wa nyuma. Jirani ni mtu wa kupungiwa mkono. Adabu ya huko ni kutouliza, na adabu hiyo ndiyo inayomficha mgeni. Anayemfuatilia Beldar ni afisa wa idara ya uhamiaji, Gorman Seedling, anayeigizwa na Michael McKean. Alimnusa pale mwajiri wa kwanza wa Beldar alipomtafutia karatasi za bandia ili aweze kulipwa mshahara. Basi katika filamu ya Kimarekani hatari iko ofisini, ndani ya faili.

Sasa njoo Kamenu. Ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Thika Town, Kaunti ya Kiambu, katika mji wa viwanda ulio kilomita arobaini na kitu kutoka Nairobi. Thika imekuwa ikivuta watu tangu zamani: mananasi ya Del Monte, viwanda vya nguo, vya ngozi, vya mafuta ya kupikia, kisha vyuo vikuu. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 ikawavuta na wale wanaofanya kazi Nairobi na kulala huku. Ruiru, tuliyozoea kuipita bila kushuka, ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 490,000 katika sensa ya 2019 na kuwa mji wa nne kwa wingi wa watu nchini, mbele ya Eldoret na Kisumu. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya watu wa ukanda huu walikuja. Panda matatu ya 237 jioni uhesabu lafudhi.

Ingia kwenye ploti ya kawaida ya nyumba za kupanga saa kumi na mbili za jioni. Safu mbili za nyumba zinatazamana, katikati pana uwanja mwembamba wa saruji. Karibu na lango, mita za tokeni zimepangwa ukutani, kila moja imeandikwa nambari ya nyumba kwa wino mzito, na mtoto wa nambari tatu ametumwa kuingiza tarakimu kabla giza halijaingia. Maji yamekatika tangu jana, kwa hiyo mitungi ya njano imesimama foleni bombani badala ya wenyewe, na kila mwenye mtungi anajua ni upi uliotangulia. Nguo zimeanikwa kwenye kamba za pamoja. Keateka, yaani msimamizi wa ploti, anapita kumkumbusha mtu kodi kwa sauti ambayo wengine wote wanaisikia. Nje ya lango, mama mboga anakata sukuma, na anajua nambari nane inanunua ya shilingi ngapi, siku gani inakopa, na tangu lini imeanza kununua ya watu wengi.

Katika ploti hiyo Beldar hana pa kujificha. Kofia ya sufu ingemsitiri kichwa kwa siku mbili. Lakini nasema tena, kichwa si tatizo. Kwanza angehitaji jina, na jina la ploti hutoka kwa mtoto: Mama Brian, Baba Njeri. Prymaat angekuwa "yule mama wa nambari nane" mpaka siku ajifungue, kisha asubuhi iliyofuata angekuwa Mama Connie, kwa jina la binti yao, na kuletewa uji. Baada ya jina linakuja swali lenyewe, nalo huulizwa kwa upole, mara nyingi juu ya beseni la nguo: Na kwenu ni wapi? Mwenye kuuliza hataki jina la mtaa uliotoka kuhama. Anataka kujua mahali ambapo babu yako amelala. Hapo Ufaransa haisaidii kitu, kwa sababu jibu lolote linaleta swali la pili, na la tatu, hadi apatikane mtu wa pale unapopataja: "Ah, kumbe! Shemeji yangu ameolewa huko huko."

Hapa ndipo naona tofauti kubwa kati ya kichekesho cha Paramus na kile ambacho Kamenu ingezaa. Kule mgeni anaumbuliwa na karatasi. Huku angeumbuliwa na Desemba. Wiki ya Krismasi ikikaribia nauli hupanda, mabegi na magunia hufungwa, na ploti zinabaki tupu. Anayebaki hutazamwa. Mwaka wa kwanza watasema kazi ilimbana. Mwaka wa pili watasema labda amekosana na wazazi. Mwaka wa tatu wazee wa ploti watamwita kwa siri wamuulize kama anahitaji kusuluhishwa na watu wake, na pengine wamchangie nauli. Wazia familia ya Remulak ikipokea mchango huo, fedha zimehesabiwa mbele yao, basi limeshaulizwa, na hawana pa kwenda ila angani. Ninachokipenda katika tukio kama hilo ni kwamba hakuna mtu mbaya ndani yake. Wanaomtega mgeni ni watu wanaomtakia mema.

Nyuma ya Desemba kuna jambo zito zaidi, nalo ni kaburi. Wakenya wa umri fulani wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi, walikoishi na kujenga. Ukoo wa Umira Kager ukadai mwili upelekwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Rufaa, na mwezi wa Mei 1987 Otieno akazikwa Nyalgunga. Mtu anaweza kununua nyumba mjini, akalea watoto humo, akafia humo, na bado ikaamuliwa kwamba pale hapakuwa kwake kwa maana ya mwisho. Miaka mingi imepita na mengi yamebadilika. Kuna familia nyingi za Thika ambazo sasa huzika makaburi ya mjini bila kesi. Lakini kila kikao cha matanga katika ploti, kila orodha ya michango inayozungushwa kwenye simu, bado ina swali lile kichwani mwake: tunamsafirisha wapi? Mgeni wa angani angeweza kudanganya juu ya kuzaliwa kwake. Juu ya kufa kwake asingeweza.

Kwa nini basi wachekeshaji wetu hawakuichukua hadithi hii? Jibu langu ni kwamba waliichukua nusu. Walimchukua mgeni anayefika mahali pasipo pake, wakamvika nguo za mtu wa mashambani. Vizazi viwili vilikua vikimtazama Mzee Ojwang, yaani marehemu Benson Wanjau, pamoja na Mama Kayai katika Vitimbi, kipindi cha runinga ya taifa. Kizazi kilichofuata kikawa na Papa Shirandula wa Citizen, aliyeigizwa na Charles Bukeko mpaka alipofariki Julai 2020. Shirandula ndiye aliyemkaribia Beldar kuliko wote. Anatoka nyumbani amevaa suti, mkewe Wilbroda anaamini mumewe ana cheo ofisini, kumbe akifika kazini anabadilisha na kuvaa sare ya bawabu. Ni mtu mwenye maisha mawili anayeogopa kujulikana. Bukeko alimwigiza kwa huruma kubwa, na ndiyo maana watu walimlilia kama jamaa. Tulicheka uongo wake, lakini tulijua kwa nini alidanganya: mji ulikuwa umemwambia kwamba bawabu si mtu.

Si wote waliofanya kwa huruma hiyo. Sehemu kubwa ya vichekesho vya jukwaani nchini imeegemea lafudhi. Mchekeshaji hupanda, hutamka neno moja kwa r iliyogeuka l au kwa sh iliyogeuka s, na ukumbi mzima unaangua kicheko kabla hajasema lolote la maana. Lafudhi ndiyo kile kichwa kilichochongoka, na tumezoea kumcheka mwenye nacho. Sisemi kicheko hicho ni uovu; katika meza ya marafiki wa makabila mbalimbali kinaweza kuwa upendo mtupu. Lakini kina mwelekeo mmoja tu. Hakituulizi sisi tunaosikia lafudhi kwamba masikio yetu yamefundishwa na nani. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliona lile swali la juu ya beseni la nguo likiulizwa barabarani na watu wenye mapanga. Tangu hapo kichekesho kinachomtambua mtu kwa ulimi wake hakiwezi kuwa mchezo mtupu, hata mchekeshaji akitaka.

Filamu zetu zilipokuja juu zilichagua njia nyingine. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya 2012, ina kijana anayetoka kijijini kutafuta uigizaji mjini, nayo ni hadithi ya uhalifu. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009, ilituonyesha kwamba Mkenya anaweza kuitazama dunia ya baadaye kwa jicho lake mwenyewe, lakini haikukusudiwa kuchekesha. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, ilifika karibu sana: kijiji kizima kinashirikiana ili mtoto mgonjwa aamini ana nguvu za ajabu. Huko ndiko ninakotaka twende. Watu wa kawaida, pesa kidogo, jambo lisilowezekana likiingia katikati ya shughuli za kila siku, na kila mmoja akilipokea kwa tabia yake.

Pwani kuna sababu nyingine iliyowafanya watu wasimhitaji mgeni wa angani: nafasi yake ina mwenyewe tangu kale. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zina hadithi nyingi za jini anayeishi kati ya watu, anafanya biashara, anaoa, anahudhuria harusi, na hujulikana siku mtu anapotupia jicho miguuni pake na kuona kwato. Ukiziweka hadithi hizo kando ya Coneheads zinafanana hadi alama ya mwilini. Lakini jini huja na nguvu na siri, na anayemgundua hukimbia. Beldar hana nguvu yoyote inayomsaidia kulipa kodi. Kichekesho kinahitaji mgeni aliye dhaifu kuliko jirani yake.

Kuna mgeni wa Thika anayejulikana duniani kote, na huyo hakuwa dhaifu. Elspeth Huxley aliletwa na wazazi wake akiwa mtoto, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1959 akachapisha The Flame Trees of Thika, kitabu kilichotengenezewa mfululizo wa runinga mwaka 1981. Ni kitabu kizuri kwa uandishi wake, nimekisoma kwa furaha na kwa uchungu. Ukikitazama kwa swali letu, ni hadithi ya watu walioshuka kutoka mbali na mizigo ya ajabu, wasiojua lugha, wasiojua majira ya mvua, wakijaribu kuishi kama kwao mahali pasipofanana na kwao. Kwa Mkikuyu aliyewatazama wakishusha samani zao kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, hao ndio waliotoka Remulak. Ila kalamu ilikuwa mikononi mwao, kwa hiyo wenyeji ndio wakaandikwa kuwa wa ajabu. Tena hawakuhitaji kusema wametoka Ufaransa ili waachwe. Serikali ya kikoloni iliwapimia ardhi. Mtunzi wa Thika akitaka kuandika kichekesho cha mgeni leo, hawezi kujifanya kwamba kitabu hiki hakikutangulia.

Kwa upande wa pili kuna mkasa wa kweli uliotokea katika kaunti hii hii, ambao naona unamfaa mtunzi kuliko chombo chochote cha angani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, waumini wa kanisa la Gospel of God walikuja kutoka nchi ambayo leo ni Zimbabwe kuhubiri. Walikuwa Washona. Walikaa Nairobi na sehemu za Kiambu kama Kinoo na Kiambaa, wakajulikana kwa useremala na ususi wa vikapu, na kwa mavazi meupe ya ibada. Uhuru ulikuja, karatasi zao za kikoloni zikapoteza maana, na wao hawakuandikishwa kuwa raia. Watoto walizaliwa, kisha wajukuu, wote wanazungumza Kiswahili na Kikuyu, na hakuna aliyekuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo huna M-Pesa yako. Huwezi kufungua akaunti ya benki wala kuingia ofisi nyingi za serikali. Seremala anatengeneza kitanda kizuri na malipo yanapitia simu ya jirani. Hali hiyo ilidumu zaidi ya nusu karne. Wamakonde wa Kwale, waliokuwa nao hawana uraia, walitangulia kupenya, baada ya kuandamana kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016. Washona wakafikiwa Jamhuri Dei ya 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kwamba watapewa uraia, na mwaka uliofuata zaidi ya 1,600 kati yao wakaanza kupokea karatasi.

Msomaji anaweza kuuliza kama mateso ya namna hii ni ya kuchekewa. Ni swali la haki, na jibu langu linategemea mwelekeo wa kicheko. Coneheads inamalizika kwa familia ya Beldar kupata kadi za ukaazi, na tunafurahi kwa sababu filamu nzima imetuonyesha kwamba kinachochekesha ni ofisi iliyoshindwa kumwona baba anayelipa kodi, anayefundisha watu kuendesha gari na kumpenda binti yake. Seremala wa Kinoo aliyeishi jirani na mwenye duka kwa miaka thelathini, akila kwenye harusi za majirani na kutengeneza majeneza yao, halafu akaambiwa kwenye dawati kwamba mfumo haumtambui, si wa kuchekwa hata kidogo. Mfumo ndio wa kuchekwa, tena kwa sauti kubwa. Mtunzi akimweka kiumbe wa Remulak mahali pa seremala huyo anapata uhuru mkubwa, kwa sababu hakuna kabila litakalosema limetukanwa, na hakuna mtazamaji atakayejua mapema amcheke nani. Lafudhi yake haitamsaidia mtu kumweka kwenye kapu lolote.

Labda mtu atasema hatuna fedha za kutengeneza filamu kama hiyo. Hoja hiyo haina nguvu kama inavyodhaniwa. Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, na ikatazamwa duniani kote. Riverwood yetu, ile tasnia ya River Road, imekuwa ikitoa vichekesho vya Kikuyu kwa gharama ndogo tangu enzi za diski zilizouzwa kandokando ya barabara. Filamu ya mgeni mtaani haihitaji vita vya angani. Inahitaji kichwa kimoja cha mpira kilichotengenezwa vizuri, ploti moja, na waigizaji wanaojua kunyamaza kwa wakati.

Na hadhira iko tayari kuliko tunavyofikiri, kwa sababu DJ Afro, msimuliaji wa filamu za kigeni, alishaiandaa. Katika vibanda vya video, na siku hizi kwenye simu, amewafanya wapiganaji wa Hong Kong na makomando wa Hollywood wazungumze Kiswahili na Sheng, wapewe majina ya mtaani na wakosoane kama vijana wa stendi ya matatu. Lufufu alifanya kazi ya jamii hiyo Tanzania, na VJ Jingo Uganda. Mtoto aliyekua akisikia komando wa Marekani akilalamikia nauli ya kwenda Githurai hatashangaa kusikia kiumbe wa Remulak akipigania zamu ya bomba. Sanaa hiyo ya kutia sauti juu ya picha za wengine imetufundisha kumleta wa mbali karibu. Kinachobaki ni kuzipiga picha zenyewe huku.

Ingekuwaje kama mtunzi angemhamishia mgeni wake upande wa Ruiru, kwenye mashamba ya zamani ya kahawa ambako mitaa mipya yenye ukuta na lango imeota, na mji mzima wa Tatu City unajengwa kwenye ekari 5,000? Huko Beldar angepona kwa urahisi. Angeandikisha nambari ya gari langoni, angelipa ada ya usafi kwa wakati, na jirani angempungia mkono. Filamu ya hapo ingekuwa Paramus iliyohamishwa, na bila shaka ingechekesha. Naipenda kidogo tu. Swali la kwenu ni wapi halipotei nyuma ya ukuta; linaahirishwa mpaka matanga. Tena kuna hatari mtazamaji wa ploti aione filamu kama habari za watu wengine.

Kwa hiyo ningemshauri mtunzi abaki Kamenu, na asimfanye Beldar kuwa mhusika mkuu. Katika Coneheads mtu aliyenigusa zaidi ni binti yao, Connie, anayeigizwa na Michelle Burke. Amezaliwa duniani, kichwa chake kimechongoka, anampenda fundi wa magari aitwaye Ronnie, na Remulak kwake ni hadithi za wazazi mezani. Chombo cha kuwarudisha kinapofika, yeye ndiye mwenye cha kupoteza. Thika imejaa Connie. Ni vijana waliozaliwa hospitali ya hapa, wakasoma shule za hapa, wanaongea Sheng ya hapa, na kila Desemba wanapelekwa Kakamega au Kitui au Nyamira kama wageni, wakichekwa na binamu zao kwa kushindwa kukamua ng'ombe. Wakirudi Januari wanaulizwa tena kwao ni wapi.

Siku ya kuomba kitambulisho ndiyo siku ya filamu hiyo. Sheria ni miaka kumi na minane. Connie wa Kamenu anakwenda kwa chifu na wazazi wake, pamoja na mzee wa nyumba kumi anayewafahamu tangu walipohamia nambari nane. Karani ana fomu yenye nafasi za kaunti, tarafa, lokesheni, lokesheni ndogo. Anauliza, msichana anajibu Kamenu. Karani anatabasamu kama wanavyotabasamu wote: hapana, kwenu kabisa. Baba anafungua mdomo kusema Ufaransa. Ningependa mwandishi amnyime nafasi hiyo, mzee wa nyumba kumi amtangulie baba kwa kusema msichana ameshajibu, na kamera ikae kwa karani mpaka aandike.